Uhandisi: mwaka wa kwanza ndio huamua

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anayemsomesha mwanawe uhandisi ng'ambo ya mpaka hutoa mtaji wake mwanzoni. Dalili za faida au hasara huonekana mwaka wa kwanza.

Nchini Tanzania na Uganda shahada hii huchukua miaka minne baada ya kidato cha sita. Kenya, ambako wengi wametoka kidato cha nne, ni mitano.

Popote aendapo, mwanafunzi hukutana kwanza na hisabati, fizikia na uchoraji wa kihandisi. Kila mada hujengwa juu ya iliyotangulia. Anayeachwa nyuma wiki mbili huanza kunakili majibu ya wenzake, na kwenye mtihani hukosa pa kushika.

Wanaofaulu hukokotoa maswali kila siku, husoma katika vikundi vidogo na humwendea mhadhiri mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Kwa hiyo mtoto akisema kwenye simu "niko sawa", mzazi aulize: wiki hii ni swali gani lililokushinda, na umemwuliza nani? Mwenye duka hasubiri Desemba ndipo ajue anapata hasara.