Unamnunulia mtoi kitabu cha fantasia? Anza na mamake

Mpwa wako anafikisha miaka 11 na umeamua mwaka huu zawadi ni kitabu. Poa sana. Ila usiingie dukani ukabeba chochote chenye joka kwenye jalada. Umri huu una noma yake: vitabu vya picha anaviona vya watoto wadogo, vya wakubwa vinamlemea, na ukimpa kimoja cha kumchosha ataamua kusoma ni mambo ya KPSEA tu.

Wa kwanza kuulizwa ni mamake. Kwa nyumba nyingi za Kenya, uchawi si neno la mchezo. Kitabu kikifungiwa kabatini kabla mtoto hajafika ukurasa wa kumi, doo zako zimeenda na yeye ameumia bure. Chukua Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011. Sunny ana miaka 12, alizaliwa Marekani, anaishi Nigeria, ana ualbino, na anagundua ana nguvu za ajabu. Mimi naipenda kuliko Harry Potter, mnisamehe. Kitabu hichohicho kimechapishwa pia kwa jina What Sunny Saw in the Flames, ambalo halishtui mtu sebuleni. Lakini usilitumie kumchezea mama shere. Mwambie ndani kuna uchawi, na kuna muuaji anayeteka watoto. Akikataa, heshimu.

Na kama mtoto ni yule anayeitwa mzembe shuleni kwa sababu herufi zinamrukaruka machoni? Huyo mpe The Lightning Thief ya Rick Riordan, ya 2005. Percy Jackson ana miaka 12, kusoma kunamsumbua, kutulia darasani hawezi, na shule zimemfukuza. Riordan aliianza kama hadithi ya kumsimulia mwanawe, aliyekuwa na shida hizohizo. Kuna watoto hawajawahi kukutana na shujaa anayefeli kama wao.

Muuzaji akikusukumia Children of Blood and Bone, mwambie bado. Ni tamu, lakini damu ni nyingi. Ingoje afike sekondari.

Kwa Kiswahili ipo Adili na Nduguze ya Shaaban Robert: majini, na ndugu wanaogeuzwa manyani. Ni fupi, ila lugha yake ni ya zamani, kwa hivyo msome pamoja.

Huna pesa ya kitabu kipya? Pitia vya mtumba kando ya barabara mjini, lakini hakikisha umepata cha kwanza kwenye mfululizo, si cha nne, na kurasa za mwisho zipo. Ukiweza kwenda naye, mpe asome ukurasa mmoja huku akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha, rudisha.

Ndani andika jina lake na tarehe. Ile "soma kwa bidii" waachie walimu.