Je, Wazimu ni Maradhi ya Ukoo?

Aghalabu posa haikubaliwi kwa kumtazama kijana peke yake. Wazee huulizana kwanza habari za ukoo: Je, hakuna kifafa? Hakuna mwenye wazimu? Ikijulikana kwamba shangazi au baba mdogo aliugua akili, posa yaweza kurudishwa, na nyumba nzima ikabaki na sifa mbaya. Kwa kuichelea aibu hiyo, wako wanaomfungia mgonjwa wao chumba cha uani ili majirani wasimwone.

Hofu hiyo ina ukweli kiasi gani?

Maradhi ya akili ni ya namna nyingi. Mojawapo ya yale yanayoitwa wazimu ni skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti zisizosikiwa na wengine, hushuku kwamba anafuatwa au anatiliwa sumu, husema maneno yasiyoshikana, na polepole hujitenga na wenziwe. Kwa kawaida ugonjwa huu huanza ujanani. Katika kila watu 100, mmoja hivi huupata maishani mwake.

Ni kweli kwamba urithi una sehemu yake. Katika watoto 100 ambao mzazi wao mmoja ana skizofrenia, 10 hivi huupata. Lakini hebu tuigeuze hesabu hiyo: 90 waliosalia hawaupati. Watazame pia mapacha wa kufanana, ambao chembe zao za urithi, yaani vinasaba, ni karibu sawa kabisa. Lau urithi ungekuwa ndio kila kitu, mmoja akiugua mwenziwe asingenusurika. Hata hivyo, katika nusu ya jozi hizo au zaidi, pacha wa pili hubaki salama.

Sababu yake ni kwamba hakuna chembe moja ya wazimu itokayo kwa baba ikaingia kwa mwana. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasio na ugonjwa huo. Walikuta sehemu 287 za urithi zinazohusika. Kila moja huongeza hatari kidogo mno, na kila mmoja wetu, mzima au mgonjwa, anazo baadhi yake. Ni mara chache tu kasoro moja ya urithi huleta hatari kubwa.

Kinachorithiwa, basi, si ugonjwa wenyewe bali wepesi wa kuupata. Paa la makuti hushika moto upesi kuliko la bati, lakini halijiwashi lenyewe. Miongoni mwa cheche zinazojulikana ni shida wakati wa kuzaliwa, uvutaji wa bangi ujanani, na njaa kali mama anapokuwa mjamzito. Huko Uholanzi, watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa kuu ya 1944 hadi 1945 waliupata ugonjwa huu kwa kiasi cha mara mbili kuliko wengine.

Kwa hiyo, mama asilaumiwe kwamba amezaa mwendawazimu, wala binti asikataliwe kwa sababu ya ugonjwa wa shangazi yake. Lakini ukoo wenye mgonjwa una wajibu wa kuwaambia vijana wake ukweli, ili wajihadhari na bangi, na ili dalili zikionekana wasicheleweshwe.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mgonjwa apelekwe hospitali mapema, kwani tiba iliyowahi huzaa matunda mema zaidi. Apewe dawa zake kwa utaratibu, wala asiziache bila shauri la daktari hata akijiona amepata nafuu. Kamba na minyororo havimponyi mtu. Aketi na wenziwe wakati wa chakula, apewe kazi anayoiweza, na aitwe kwa jina lake. Wazee wanaochunguza ukoo wangefanya vyema kuuliza pia jinsi mgonjwa anavyotunzwa humo, kwani hapo ndipo tabia ya ukoo hujulikana.