Daftari la Mgonjwa Mahututi

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunapenda kuwakumbusha wananchi wa visiwa vyetu, pamoja na watendaji wa Serikali, kwamba usemi huo hauhusu karafuu na mbata peke yake. Unahusu pia uhai wa binadamu, hasa wa mgonjwa mahututi aliye baina ya uhai na mauti.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, mapigo ya moyo, pumzi, shindikizo la damu na oksijeni hupimwa usiku na mchana. Pale ambapo vipimo hivyo huishia kwenye karatasi, mgonjwa akishatoka, akiwa amepona au amefariki, jalada lake hufungiwa kabatini na elimu iliyomo huzikwa nalo. Huko Boston, Marekani, wataalamu wa chuo cha MIT na hospitali ya Beth Israel Deaconess waliamua kuikomesha hasara hiyo. Walikusanya rekodi za kompyuta, wakafuta majina na kubadilisha tarehe ili mgonjwa asitambulikane, kisha wakawafungulia watafiti wa dunia nzima wanaokubali masharti. Hazina hiyo iitwayo MIMIC, katika toleo lake la mwaka 2016, ilikuwa na rekodi za wagonjwa zaidi ya 40,000 waliolazwa kati ya 2001 na 2012.

Faida ya kazi ya namna hii inatugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho hupitisha mwanga katika ngozi, na vipimo vya damu yenyewe. Pale kidole kiliposema oksijeni ni asilimia 92 hadi 96, damu ilionyesha upungufu wa hatari katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 tu ya vile vya wagonjwa weupe. Rekodi za hospitali 178 za nchi hiyo zilipotazamwa, tofauti ilikuwa ile ile. Dosari hiyo ilikwisha kutajwa na wataalamu tangu 1990, lakini haikutiliwa maanani ipasavyo mpaka daftari kubwa lilipofunguliwa. Na kipimo cha kidoleni ndicho kinachotumika hata katika hospitali zetu.

Barani Afrika nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia wagonjwa mahututi 3,140 wa korona katika hospitali 64 za nchi kumi. Asilimia 48.2 walifariki katika muda wa siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Tena ilibainika kwamba vifaa vilikuwa haba, na hata baadhi ya vile vilivyokuwapo havikutumika vya kutosha. Bila ya hesabu hiyo, nani angejua pa kuanzia?

Wako watakaouliza: je, siri ya mgonjwa? Swali hilo ni la haki, kwani siri ya mgonjwa ni amana. Jina na makazi yake yasionekane na mtafiti, na atakayeivunja amana hiyo awajibishwe kisheria. Katika visiwa vidogo ambavyo watu wanajuana, tahadhari haina budi kuwa kubwa zaidi.

Kwa watendaji tuna neno moja. Daftari lisigeuzwe fimbo ya kumpigia muuguzi. Akihofia kuadhibiwa kwa kila kifo, ataandika yatakayomfurahisha mkubwa wake, na hesabu ya uwongo ni mbaya kuliko kukosa hesabu. Tuanze na machache: umri, maradhi, vipimo vya siku ya kwanza, matibabu yaliyotolewa na hatima ya mgonjwa. Awepo karani wa kuyaingiza katika kompyuta, ili muuguzi asitolewe kitandani pa mgonjwa kwa ajili ya kuandika.

Kompyuta iliyofunzwa kwa wagonjwa wa Boston haiwajui wagonjwa wetu. Tusipojihesabu wenyewe, tutaendelea kutibiwa kwa hesabu za watu wengine, na kidole kitasema salama ilhali damu inalia.