Namba Zinalingana, Sawa. Nani Kazigonga?

Picha hufika usiku. Mara nyingi ni Mosin-Nagant iliyolazwa juu ya meza ya plastiki kwenye maonyesho ya bunduki huko Texas au Ohio, na chini yake swali lilelile: "Kaka, namba zote zinalingana, ninunue?" Anayeuliza ni Mswahili mwenzangu aliyeko Marekani, ana grini kadi na kazi ya uhakika, na sasa kaanza kukusanya bunduki zilizostaafu jeshini. Muuzaji kamwambia zinalingana, kwa hiyo anaongeza dola mia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Imani yenyewe ni hii: namba ya mtutu au ya risiva (mwili wa chuma unaobeba mtutu na bolti) ikiwa sawa na ya bolti na ya vipande vingine, basi bunduki imebaki kama ilivyotoka kiwandani, haijaguswa na mtu. Kwa Mosin za Kisovieti hiyo ni hadithi ya kumlaza mtoto. Mosin ya Model 91/30 ina namba sehemu nne: kwenye mtutu pale unapoingia risiva, kwenye bolti, kwenye bamba la chuma la kitako, na kwenye kifuniko cha chini cha magazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wasovieti walizirudisha bunduki hizo karakana kwa wingi mno, wakazifungua. Bolti rundo lake, mbao rundo lake. Fundi alipounganisha upya aliokota bolti yoyote iliyokaa vizuri, akaila namba ya zamani kwa tupa au akaipiga mstari, akagonga mpya ifanane na ya mtutu. Mbao zikapakwa vanishi nyekundu, chuma kikasiribwa grisi nzito, sanduku likafungwa. Miongo kadhaa baadaye masanduku hayo yakafunguliwa kwenye maduka ya Marekani.

Kwa hiyo ndiyo, namba zinalingana. Karibu kila Mosin iliyotoka kwenye masanduku yale inalingana, maana kulinganisha ilikuwa ndiyo kazi ya karakana. Kuongeza dola mia kwa ajili hiyo ni kumlipa muuza mitumba zaidi eti vifungo vya shati vinafanana, wakati kavishona yeye mwenyewe jana.

Na huhitaji kumwamini muuzaji wala mimi. Omba ruhusa, toa bolti, iweke chini ya tochi kwa mwanga wa ubavuni. Pale tupa ilipopita, chuma huwa kimebonyea kidogo. Pitisha ukucha utausikia ukingo. Kisha tazama sura ya tarakimu. Namba ya kiwandani, Tula au Izhevsk, mara nyingi hutanguliwa na herufi za Kirusi, na tarakimu zake zina umbo moja. Ya karakana huwa na ukubwa mwingine, 3 yake ina kichwa kingine, na wakati mwingine imechorwa kwa kalamu ya umeme kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa anawahi chakula. Halafu tafuta kwenye mtutu au kwenye mbao kisanduku chenye mstari wa mshazari ndani. Hiyo ni alama ya ukarabati. Ukiiona, mjadala wa namba umekwisha, na dola mia yako irudi mfukoni. Sisemi bunduki hiyo ni mbaya. Kwa kulenga shabaha inaweza kuwa nzuri kuliko ile ambayo haikuguswa. Ila bei yake iwe ya bunduki iliyokarabatiwa.

Swali lina maana kwa Mjerumani. Mauser K98k iligongwa namba mpaka kwenye skrubu. Vipande vidogo hubeba tarakimu mbili za mwisho tu. Iliyobebwa na mwanajeshi wa Marekani mwaka 1945 ikafika kwao na vipande vyake vyote inaweza kuuzwa mara mbili au zaidi ya ile iliyochanganywa. Na penye pesa namna hiyo hapakosi mjanja mwenye seti ya chapa za chuma. Kwenye chuma kilichotiwa weusi, namba ya kweli ilitangulia, weusi ukafuata, kwa hiyo hata ndani ya tarakimu mna weusi uliozeeka. Namba ya juzi inang'aa tumboni na kingo zake zimeinuka. Kuna na K98k zilizotekwa na Wasovieti, nazo zikapitia karakana zilezile: mara nyingi utakuta herufi X kwenye risiva, vanishi ileile, na kalamu ya umeme imeshapita kila mahali. Anayekuuzia K98k "inayolingana" kwa bei ya kutupa ama hajui alichonacho, ama anajua sana.

Halafu kuna wanaoniuliza kama namba za M1 Garand zinalingana. Zilingane na nini? Garand ina namba moja tu, nyuma ya risiva. Namba nyingine unazoziona kwenye vipande ni za mchoro wa kiwanda, na maelfu ya bunduki zinazo hizohizo. Jeshi la Marekani lilizifungua na kuzichanganya bila kuwaza kwamba siku moja utakuja na daftari lako. Ukitaka kujua kitu, vuta nyuma chuma cha kuendeshea na usome ubavu wa mtutu: mwezi na mwaka vimegongwa pale. Risiva ya 1943 yenye mtutu wa 1952 ndiyo historia ya kawaida kabisa ya Garand.

Wafini ndio waliovuruga mambo kupita wote. M39 yao, Mosin ya Kifini, iliundwa juu ya risiva za zamani za Kirusi, nyingine za miaka ya 1890, na sheria ya Marekani inahesabu umri wa risiva. Bunduki iliyokamilishwa 1941 inaweza basi kuwa kitu cha kale kisheria, kwa kuwa risiva ilitengenezwa kabla ya 1899. Tarehe iko kwenye mkia wa risiva, umefichwa na mbao. Ukiwa unahangaika na namba ya bolti, hilo limekupita.

Na kwa kuwa wateja ni Waswahili, wameanza kuuziwa hadithi: "Hii ilipigana Tanga." Ilipigana kwa karatasi gani? Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, walikuwa na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui mahali pa kupiga. Waliposalimisha silaha Abercorn, Novemba 1918, bunduki walizoweka chini zilikuwa za kuteka, za Waingereza na Wareno. Kwa hiyo hata bunduki halisi ya askari wa mwisho wa vita hivyo huenda isiwe ya Kijerumani. Nunua chuma, hadithi isiyo na hati mwachie mwenyewe.

Sasa la kufanya, haraka maana nafasi inakwisha. Angalia ndani ya mtutu kwa taa: mifereji iwe na kingo, kusiwe na vishimo vya kutu. Kwenye Mosin angalia mdomo. Karakana nyingi ziliupanua kwa drili kuondoa sehemu iliyolika. Kabla ya kupiga risasi hata moja, fundi apime kwa geji nafasi kati ya uso wa bolti na mahali risasi inapokaa ndani ya chemba. Kwenye Lee-Enfield No. 4 kichwa cha bolti kina ukubwa wake, 0 hadi 3, na bolti ya kuokoteza inaweza kuharibu kipimo hicho. Enfield yenye herufi DP ilikuwa ya mazoezi ya gwaride, itundike ukutani. Risiva iliyotobolewa ili kufunga darubini, au mbao zilizokatwa, shusha bei au ondoka. Usipige msasa, usitie weusi upya. Leseni ya mkusanyaji ni dola 30 kwa miaka mitatu, hukuwezesha kuagiza bunduki zenye miaka 50 na zaidi kutoka jimbo jingine, ila lazima uweke daftari la kumbukumbu, na majimbo kama California yana masharti yake. Garand za CMP, mpango unaouza bunduki za zamani za jeshi na wenye maduka Anniston na Camp Perry, huuzwa kwa raia wa Marekani. Grini kadi haitoshi. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hata kuimiliki ni kosa, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na ndugu yangu, usithubutu kuichomeka kwenye kontena la magari la kwenda Mombasa au Dar. Kuisafirisha nje bila kibali ni jela huko uliko, na bandarini nako hakuna atakayeuliza kama namba zinalingana.