Kumwuliza Mgonjwa Habari za Maumivu Yake

Mwuguzi awaye yote, awe Thika au Ruiru, hupatwa na shida moja iliyomo katika salamu zetu wenyewe. Hufika kitandani asubuhi akasema, "Hujambo, mama?" Naye mama, ijapokuwa hakupata lepe la usingizi usiku kucha, hujibu, "Sijambo, mwanangu." Hakusema uwongo, amejibu kwa adabu aliyofunzwa. Lakini jibu hilo likiandikwa vivyo hivyo, maumivu yake yatabaki bila dawa mpaka kesho.

Kwa sababu hiyo wauguzi wengi wa Afrika waliosomea kazi hii hutumia mkono. Mgonjwa huambiwa: ngumi iliyofumbwa maana yake huumwi hata kidogo, kidole kimoja, unaumwa kidogo, vidole vyote vitano, maumivu yasiyoweza kuzidi. Hata asiyejua kusoma, au aliyeishiwa na sauti, aweza kuinua vidole vyake.

Tena maumivu si ya mwili tu. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa mwuguzi kabla hajawa daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice huko London, alifundisha ya kuwa maumivu ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho yamefungamana. Mzee wa Ruiru alalaye akihesabu karo za watoto na deni la dukani hatatulizwa na vidonge peke yake. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1990.

Sasa tuseme habari za mofini, maana hapo ndipo jamaa wengi huogopa. Husema, "Akipewa hiyo, basi ndiyo safari." Sivyo. Mofini ya maji, ikinywewa kwa kipimo cha daktari, hutuliza maumivu wala haiharakishi kifo. Jambo kubwa ni saa: hutolewa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Wengi hukosea kwa kungoja mpaka mgonjwa alie, na maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Dawa hii hufunga choo, kwa hiyo hufuatana na dawa ya kulainisha tumbo. (Ni chungu pia, sijasikia mtu akiisifu ladha yake.) Huko Uganda, kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini, tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa kazi hii wameruhusiwa na sheria kuiandikia wagonjwa wenyewe.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, akirudishwa nyumbani, mgeuzeni kila baada ya saa mbili, ngozi isije ikachubuka mgongoni na kiunoni. Midomo iliyokauka ilowesheni kwa kitambaa safi chenye maji. Chupa ya mofini iwekwe mbali na watoto. Na siku mtakapompakia katika matatu kumrudisha hospitali, mwambieni mwuguzi aliinua vidole vingapi usiku, na ilikuwa saa ngapi.