Soka ya Shule Isiolo, Sehemu ya 3: Kuiandaa Mechi ya Watani

Mechi ya watani wa jadi hutofautiana na nyingine kwa jambo moja kubwa: timu mbili zinajuana. Katika Kaunti ya Isiolo kujuana huko ni kwa karibu mno. Vijana wa Gotu, kando ya mto Ewaso Nyiro kwenye barabara ya Isiolo kwenda Merti, hucheza mpira pamoja utotoni, kisha wakifika umri wa shule ya upili hutawanyika: huyu Merti, yule Garba Tulla, mwingine mjini Isiolo. Wakikutana tena katika mashindano ya shule, beki anajua tayari kwamba winga aliye mbele yake hutegemea mguu wa kushoto, na winga anajua kwamba beki huyo ni mzito kugeuka. Basi maandalizi ya kocha huanza na swali hili: wapinzani wanajua nini kuhusu timu yake, na lipi kati ya hayo linaweza kubadilishwa katika siku chache zilizobaki?

Mfumo mzima haubadilishwi. Timu iliyozoea 4-4-2 ikilazimishwa kucheza 3-5-2 wiki moja kabla ya mechi, wa kwanza kuchanganyikiwa ni wachezaji wake wenyewe. Kinachowezekana ni kugeuza mambo mawili au matatu ambayo wapinzani wanaamini wanayajua. Winga wa mguu wa kushoto anaweza kuhamishiwa upande wa kulia ili akate kuingia ndani na kupiga shuti badala ya kutia krosi. Kona ambazo siku zote hupigwa mlingoti wa pili zinaweza kuchezwa fupi. Kipa anayejulikana kwa kuubutua mpira mbali anaweza kuanza kwa pasi ya karibu, maana tangu mwaka 2019 sheria huruhusu mpira wa goli kupokewa ndani ya eneo la penalti. Kila badiliko kati ya haya lifanyiwe mazoezi kwa zamu nyingi, tena mbali na macho ya watu. Uwanjani kijijini kila anayepita hutazama, na habari hufika shule ya pili kabla ya jua kuzama.

Baada ya wapinzani, ardhi. Viwanja vingi vya Isiolo ni udongo mkavu ulioshindiliwa na jua, wenye changarawe, na pembezoni mna miti ya miiba inayotoboa mipira. Juu ya udongo huo mpira hudunda juu na huenda kasi kuliko kwenye nyasi. Beki anayeusubiri mpira mrefu udunde kwanza huruka bure, naye straika ameshampita. Afadhali aucheze ukiwa hewani, au arudi hatua mbili tatu mapema. Mshambuliaji naye hunufaika kwa kupiga shuti la chini linalogonga ardhi mbele ya kipa, kwa kuwa hakuna kipa anayeweza kukisia changarawe itaupeleka mpira wapi. Ujazo wa mpira pia una uzito wake. Sheria huruhusu shinikizo la kuanzia 0.6 hadi 1.1 la angahewa, na tofauti hiyo huonekana wazi kwenye ardhi ngumu: mpira uliojazwa sana haushikiki kifuani wala mguuni. Timu ifanye mazoezi kwa mpira wenye ujazo ule ule utakaotumika siku ya mechi.

Upepo na jua ndiyo mambo yanayopuuzwa zaidi, ilhali kwa timu ya shule yana faida kubwa kuliko mchoro wowote ubaoni. Kandanda ya shule za upili huchezwa muhula wa pili, baada ya mvua za ganna kukatika na msimu ambao Waborana huuita adolesa kuingia. Ni miezi mikavu, na pepo za kusi huvuma kwa nguvu juu ya nyanda hizi. Mpira mrefu unaopigwa dhidi ya upepo hupanda, husita, kisha hudondoka katikati ya uwanja. Ukipigwa pamoja na upepo humpita winga na kutoka nje. Timu inayokabiliana na upepo icheze pasi za chini na iwaweke viungo wawili pale mpira wa kipa wao utakapodondokea, maana hapo ndipo mechi itakaposhindaniwa. Timu yenye upepo mgongoni ipige mashuti kutoka mbali na kulenga kona karibu na mlingoti wa kwanza.

Kuhusu jua, hesabu ni nyepesi. Mechi ikianza saa kumi alasiri, kipindi cha kwanza huchezwa jua likiwa bado juu kiasi. Kipindi cha pili huishia karibu saa kumi na mbili kasoro robo, jua likiwa limeshuka kiasi cha kuwapiga machoni wanaotazama magharibi. Tangu mwaka 2019 nahodha anayeshinda kura ya sarafu anaweza kuchagua ama lango atakaloshambulia ama kuanza na mpira. Uwanja ukielekea mashariki na magharibi, nahodha mwenye busara huchagua lango. Timu yake hutazama magharibi mwanzoni, na nusu saa ya mwisho kipa wa wapinzani ndiye anayekinga macho kwa kiganja. Uwanja ukielekea kaskazini na kusini, upepo ndio wa kuamua. Kocha aende uwanjani siku mbili tatu kabla, saa ile ile ya mechi, arushe vumbi hewani na kuona linaelekea wapi.

Nusu saa hiyo ya mwisho inastahili kutiliwa mkazo. Tarehe 5 Novemba 2023 jijini Dar es Salaam, Yanga na Simba zilienda mapumziko zikiwa 1-1. Kuanzia dakika ya 64 Yanga ilifunga mabao manne, ikashinda 5-1. Klabu hizo, zilizoanzishwa mwaka 1935 na 1936, zinajuana kuliko shule yoyote inavyomjua jirani yake, na bado pengo kubwa kama hilo lilifunguka ndani ya muda mfupi. Timu inayofungwa na watani huona aibu ya pekee, na aibu hiyo huwavuta mabeki mbele kabla ya wakati na kuacha uwazi nyuma yao. Dawa yake ni agizo lililokubaliwa mapema: baada ya kufungwa, kwa dakika tano mabeki wa kati hawavuki mstari wa katikati, na nahodha peke yake ndiye azungumze na refa. Joto huongeza hatari hiyo. Pale kanuni zinaporuhusu mapumziko ya kunywa maji, ambayo hayazidi dakika moja, kocha atoe agizo moja tu. Wachezaji wa akiba wenye mbio watunzwe kwa ajili ya wakati huu.

Kanuni za mashindano nazo ni sehemu ya mbinu. Mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika bila kuishinda Espérance ya Tunisia katika fainali. Ilitoka sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 mjini Nairobi, na mabao mawili ya ugenini yakaamua. Katika mechi ya mtoano ya shule sare huishia kwa mikwaju ya penalti. Wanaoruhusiwa kupiga ni wale tu waliomo mchezoni filimbi ya mwisho inapolia. Kocha anayemtoa mpigaji wake hodari dakika ya 85 amekwisha kumpoteza. Kwa hiyo orodha ya wapigaji watano iandikwe siku moja kabla ya mechi, pamoja na majina mawili ya akiba, na kila mmoja aambiwe nafasi yake.