Ada ya chuo isitoke kwenye mtaji wa duka

KILA mwaka ifikapo Oktoba, wafanyabiashara wengi wa Tanzania hukutana na madai mawili kwa wakati mmoja. Bidhaa za msimu wa Krismasi na mwaka mpya zinatakiwa kulipiwa, na vyuo vikuu navyo vinafunguliwa. Mwenye mtoto anayeingia mwaka wa kwanza hulazimika kuchagua, na mara nyingi chuo ndicho kinachoshinda. Fedha hutolewa dukani, rafu hubaki nusu tupu katika miezi ya mauzo makubwa, na ifikapo Februari mwenye duka anatafuta mkopo wa kurudisha mtaji.

Wengi hudai kuwa chanzo ni kipato kidogo. Mara nyingi chanzo ni tarehe. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari atafanya mtihani wa kidato cha 4 mwishoni mwa mwaka wa nne, ataanza kidato cha 5 Julai inayofuata, atamaliza kidato cha 6 Mei, na mlango wa chuo utafunguliwa Oktoba. Jumla ni miaka 6 na miezi 9. Ni madeni machache sana ya kibiashara ambayo mdaiwa hupewa taarifa mapema kiasi hicho.

Zaidi ya hayo, muda huo sasa ni mwepesi kuliko zamani. Serikali ilifuta ada katika shule zake za sekondari kwa kidato cha 1 hadi cha 4 kuanzia Januari 2016, na kwa kidato cha 5 na cha 6 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Sare, nauli, madaftari na matumizi ya bweni bado ni juu ya mzazi, lakini ile ada yenyewe imebaki mfukoni. Kwa familia nyingi imebaki na kupotea humo humo, kwa kuwa hakuna aliyeitenga.

Hesabu ya gharama

Kosa la kwanza ni kuhesabu ada pekee. Kwa kozi nyingi katika vyuo vikuu vya umma, ada huwa kati ya sh. milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Kinachokula fedha ni chakula na malazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipandisha posho hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku mwaka 2022/23, na kiwango hicho chafaa kuwa kipimo. Tuseme mwanafunzi yuko chuoni siku 240 kwa mwaka: hiyo ni sh. milioni 2.4. Ongeza ada ya sh. milioni 1.3, kisha sh. 300,000 za vitabu na mengineyo. Mwaka mmoja unafika sh. milioni 4, na shahada ya miaka mitatu sh. milioni 12. Uhandisi na sheria ni miaka minne, udaktari mitano.

Anayeanza kuweka mtoto akiwa kidato cha kwanza ana miezi 81 kabla ya chuo kufunguliwa. Bila kuhesabu faida yoyote, anatakiwa kuweka sh. 148,000 na ushei kwa mwezi ili apate milioni 12. Anayesubiri hadi mtoto aingie kidato cha 5 amebakiwa na miezi 27. Kiasi kile kile cha sh. 148,000 kwa mwezi kitamfikisha sh. milioni 4, yaani mwaka wa kwanza tu. Miaka miwili iliyobaki itatoka dukani.

Kwa mfanyabiashara, kuweka kwa mwezi si lazima kuwe ndiyo desturi. Mwenye duka Mtwara au Lindi hupata fedha wakati wa mauzo ya korosho, na wa Shinyanga huitazama pamba. Kwake ni rahisi zaidi kutenga mara moja au mbili kwa mwaka, wakati wateja wana fedha, kuliko kujilazimisha kila mwisho wa mwezi.

Wapi pa kuweka

Hati fungani za serikali ndizo zinazokubaliana zaidi na deni lenye tarehe inayojulikana. Benki Kuu huziuza kwa mnada, mtu binafsi anaweza kuanza na sh. milioni 1, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hati ya miaka 5 inayonunuliwa Oktoba mtoto akiwa kidato cha pili huiva Oktoba ya kuingia chuo. Ya miaka 2 inayonunuliwa Oktoba mtoto akiwa kidato cha 5 huiva siku hizo hizo. Mzazi mwenye haraka anaweza kukosea hapa: akinunua hati iliyobakiza miaka 7 ile Januari mtoto anapoanza sekondari, mtaji wake utarudi Januari, miezi mitatu baada ya wenzake kujisajili.

Hati ndefu zaidi zina matumizi mengine. Mwenye sh. milioni 5 katika hati ya miaka 15, tukichukua riba ya asilimia 12 kwa ajili ya hesabu tu, atapokea sh. 300,000 kila nusu mwaka. Kiasi hicho hakilipi chuo, lakini kinapunguza mzigo wa kila muhula na mtaji unabaki palepale kwa mdogo wake. Akilazimika kuiuza kabla haijaiva, dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam ataitafutia mnunuzi, ila bei itategemea riba za wakati huo. Riba za hati mpya zikiwa zimepanda, ya zamani huuzwa kwa punguzo.

Hisa ni jambo lingine. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa sh. 150. Mzazi aliyezinunua kwa ajili ya mtoto aliyeingia chuo mwaka 2019 aliikuta bei chini ya ile aliyonunulia, baada ya miaka kumi ya kungoja. Aliyeweza kusubiri hadi 2024 aliziona zikipita sh. 600. Kampuni ni ile ile, na mnunuzi wa pili hakuwa mwerevu kuliko wa kwanza. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuwa na ada ya kulipa Oktoba. Vodacom nayo iliuza hisa kwa sh. 850 mwaka 2017 na bei ikashuka baadaye. Mwenye hisa alizokusudia kwa ajili ya chuo angefanya vizuri kuanza kuziuza kidogo kidogo mtoto akiingia kidato cha 5, kila bei inapokuwa nzuri, badala ya kuziuza zote wiki ya usajili kwa bei yoyote atakayoikuta.

Kwa wenye kiasi kidogo iko mifuko ya UTT AMIS. Umoja ulianza mwaka 2005 na Mfuko wa Watoto mwaka 2008. Huu wa pili una faida moja isiyozungumzwa sana: vipande huandikwa kwa jina la mtoto. Fedha zilizo kwenye akaunti ya biashara ya baba au mama huingia kwenye mirathi siku mwenye akaunti anapofariki, na mirathi haijui kalenda ya chuo. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa fedha zinazokaribia kutumika, kwa kuwa mwekezaji akiomba kutoa hulipwa ndani ya siku chache za kazi.

Vikoba navyo vimesomesha wengi, lakini vingi huvunja mzunguko Desemba. Chuo hakikai kikisubiri Desemba. Kundi lenye wazazi kadhaa wa kidato cha 5 na cha 6 linaweza kukubaliana mapema kuhamisha mgawo uwe Septemba.

Mkopo wa Bodi

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Hupima uhitaji wa mwombaji. Yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF hutazamwa kwanza. Mfanyabiashara mwenye leseni na namba ya mlipakodi huonekana kwenye karatasi kuwa mtu mwenye uwezo, hata kama fedha zake zote ziko kwenye magunia ya mchele na marobota ya mitumba. Mtoto wake anaweza kupata mkopo wa sehemu tu, au akakosa kabisa, na majibu hufika wakati chuo kinakaribia kufunguliwa. Kwa sababu hiyo si busara kuuweka mkopo katika hesabu kama fedha iliyokwisha kupatikana.

Kuukataa nako si busara. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na tangu hapo ni vigumu kupata fedha rahisi kuliko hizo katika benki yoyote. Marejesho kwa aliyeajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi: mwenye mshahara wa sh. 800,000 hukatwa sh. 120,000 kila mwezi. Mzazi na mtoto wanapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu atakayekatwa ni mtoto.

Kwa wanaofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika kidato cha 6, ufadhili wa Samia ulioanza 2022/23 hulipia masomo ya sayansi, uhandisi na tiba, nao si mkopo. Mzazi hawezi kuupangia bajeti, ila anaweza kuukumbuka pale mtoto wa kidato cha nne anapochagua tahasusi.

Lililo jepesi kuliko yote ndilo linalokwamisha watu. Maombi ya mkopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo pia. Jina lililoandikwa tofauti na lile la cheti cha shule huchukua wiki kadhaa kurekebishwa. Matokeo ya kidato cha 6 hutoka Julai, maelfu hukimbilia dirishani pamoja, na maombi hufungwa muda mfupi baadaye. Mwenye mtoto aliye kidato cha 5 leo anaweza kuvichukua vyeti hivyo likizo ya Desemba, wakati foleni ni fupi.